Donge likipona dawa, usishangilie kwanza

Ukitafuta seli zinazostahimili dawa ya kuua magugu, anza na tumbaku, mdogo wangu. Majani ya Chunya tunayapata bila tabu, na seli zake hazina madeko. Osha jani kwa jiki iliyozimuliwa, suuza, kata vipande vya ukubwa wa ukucha, weka kwenye chakula cha MS, yaani cha kukuzia seli za mimea maabara, chenye sukari gramu 30 kwa lita pamoja na homoni. Baada ya wiki 4 hivi utaona madonge meupe ya seli, laini kama ugali uliomeguka.

Kabla ya kutafuta usugu, tafuta dozi inayoua. Panga sahani za klosalfuroni, ndiyo dawa yetu ya magugu, kila moja kali mara 10 kuliko iliyotangulia, na pembeni iwepo moja isiyo na dawa kabisa. Hiyo wengi wanairuka ili kuokoa agari ya kugandishia chakula. Haya, utajuaje kama madonge yamekufa kwa dawa au kwa baridi ya Uyole ya mwezi wa 6?

Kwenye dozi inayosimamisha ukuaji, pondaponda donge, utandaze chembe zote ziguse chakula. Hapo ndipo nilipoumbuka. Wiki 8 nzima niliringia donge moja lililonawiri peke yake, hadi nikamwita mkuu wangu alione. Akalisukuma kwa koleo: lilikuwa limekalia wenzake waliokufa, dawa halijaigusa hata siku moja.

Lililopona lihamishie kwenye chakula kisicho na dawa kwa miezi 2 au 3, kisha lirudishe. Likifa, lilikuwa limejizoesha tu.

Likiishi, kiulize kimeng'enya. Klosalfuroni huziba ALS, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa asidi amino za valini, lusini na isolusini. Saga donge juu ya barafu (na la kawaida vilevile, la kulinganisha), lizungushe kwenye sentrifuji, gawa maji yake kwenye vichupa vyenye piruvati, ambayo ni malighafi ya ALS, visaidizi vyake TPP, FAD na magnesiamu, pamoja na dawa ya viwango tofauti. Saa 1 kwa nyuzi 30. Tia asidi, dakika 15 kwa nyuzi 60, kisha kriatini na nafitholi za kuleta rangi. ALS ikiwa inafanya kazi, kichupa kinakuwa chekundu.

Kichupa cha donge la kawaida kitapauka kwa dawa kidogo tu. Cha donge sugu kikibaki chekundu, kimeng'enya chenyewe kimebadilika, kama kwenye seli za tumbaku zilizopatikana Marekani mwaka 1984. Vya madonge yote mawili vikipauka kwa dozi ileile, lakini cha donge lako kilianza na wekundu mkali zaidi, basi kimeng'enya kimezidi wingi. Ndivyo seli za petunia zilivyoishinda glaifosati, dawa nyingine ya magugu, ila zenyewe zilirundika EPSPS, kimeng'enya ambacho glaifosati hukiziba. Vikilingana mwanzo hadi mwisho, iache ALS: huenda seli inaivunja dawa kabla haijafika, na kwa hilo kipimo hiki hakikusaidii.