Kuagana na globu za waya: mwongozo kwa kaya za Mwanza

Kabla ya kwenda dukani, zunguka nyumba nzima ukiwa na karatasi na kalamu, uandike kila globu ya zamani inafanya kazi gani. Swali hili linaonekana la kipuuzi, kwa kuwa kila mtu anajua kazi ya globu ni kuangaza. Hata hivyo, malalamiko mengi ninayoyasikia kwa majirani tangu globu za waya, yaani zile za zamani zenye uzi mwembamba unaowaka ndani, zianze kuadimika yanahusu kazi nyingine ambazo zilikuwa zikifanywa kimyakimya, na ambazo hakuna aliyezitambua mpaka globu ilipoondoka.

Sababu ya kuadimika kwake ni rahisi kueleza. Zaidi ya asilimia 90 ya umeme unaoingia katika globu ya waya hutoka kama joto, na sehemu ndogo inayobaki ndiyo mwanga. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya ulianza kuziondoa sokoni Septemba 2009 kwa kuanza na zile za wati 100, ukamaliza na za wati 25 na 40 Septemba 2012, na Marekani ikaanza kuzuia uuzaji wa nyingi kati yake Agosti 2023. Mji uliowahi kuupa mtaa jina la Makoroboi haupaswi kushangazwa na taa inayopitwa na wakati.

Unapochagua taa ya LED, usiongozwe na wati, bali tafuta lumeni, yaani kipimo cha mwanga wenyewe, ambacho huandikwa ubavuni mwa boksi. Globu ya wati 60 ilitoa lumeni 700 hadi 800, na LED ya wati 8 au 9 hufikia hapo. Angalia pia kama holda yako ni ya pini au ya kuzungusha, kwani kurudi dukani kwa sababu ya kosa hilo kunachosha kuliko gharama yake. Tofauti ya matumizi utaiona kwenye LUKU: globu nne za wati 60 zinazowaka kwa muda wa saa tano kila usiku hula uniti 36 kwa mwezi, ilhali LED nne za wati 9 kwa muda huohuo hula uniti 5.4. Kwa kaya iliyo katika kundi la matumizi madogo, ambalo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, nafasi hiyo ya uniti 30 si ya kubeza.

Lalamiko la kwanza la wazee huwa ni rangi. Mama mmoja jirani yangu aliwashiwa taa mpya sebuleni na mwanawe, akaitazama mikono yake, kisha akasema, "Mwanangu, taa hii inanifanya nionekane kama nimetolewa mochwari." Hakukosea. Alikuwa amewekewa taa ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6500, ambayo mwanga wake ni mweupe unaoelekea bluu, badala ya ile ya 2700 au 3000 inayofanana na globu aliyoizoea. Weka nyeupe pale unapochambua mchele au mtoto anaposomea, na ya manjano sebuleni na chumbani. Wanaoishi karibu na maji, kama Igombe na Kayenze, waweke ya manjano hata barazani, kwa sababu vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi huvutwa zaidi na mwanga mweupe, na ukipuuza hilo utafagia marundo yake kila asubuhi.

Kazi iliyosahaulika kuliko zote ni joto. Katika mabanda mengi ya nyuma ya nyumba, globu ya wati 100 iliyoning'inizwa ndani ya boksi ndiyo iliyokuwa mama wa vifaranga, na mtu anayeibadilisha kwa LED akidhani amebana matumizi atakuta vifaranga wamelaliana pembeni asubuhi, wengine wamekufa. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguzwa kama nyuzi tatu kila wiki. Kama huna kipimajoto, watazame wenyewe: wakijibana chini ya chanzo cha joto wana baridi, wakikimbilia kingoni huku wakihema wamezidiwa, na wakitawanyika wakila na kulala popote umepatia. Taa maalumu za joto zipo, lakini ya wati 250 ikiwaka kwa muda wa saa kumi hula uniti 2.5 kwa usiku mmoja, na inahitaji holda ya kauri, kwa kuwa ya plastiki huyeyuka. Wengi hurudi kwenye mkaa ndani ya chungu. Ukifanya hivyo, uwashie nje mpaka ukolee kabisa, uzungushie chungu waya ili vifaranga wasiungue, uache tundu la hewa juu ya banda, na kamwe usiuweke katika chumba wanacholala watu, kwa maana hewa yake ya sumu haina harufu na huua.

Lalamiko jingine ni la taa inayoendelea kumulika hafifu baada ya kuzimwa, jambo ambalo nimesikia likihusishwa na mashetani. Huenda swichi yako ina kitaa kidogo cha kuonyesha ilipo, na umeme mchache unaopita humo ukatosha kuiamsha LED, ingawa usingetosha kuiamsha globu. Hilo halina madhara. Lakini inawezekana pia kwamba aliyefunga nyaya alipitisha nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto, na hapo holda inabaki na umeme hata ukiwa umezima. Mwite fundi mwenye testa akague. Katika hili naona LED imetusaidia kufichua kosa la miaka mingi.

Tena kuna zile zinazokufa mapema. Niliwahi kununua sita kwa bei ya kutupa, na nne hazikumaliza miezi miwili, na muuzaji akaniuliza risiti ambayo hakuwahi kunipa. LED huharibiwa na joto linalokusanyika kwenye kitako chake, kwa hiyo usiifungie ndani ya kifuniko cha kioo kisicho na pa kupumulia. Umeme unaopanda na kushuka nao huichosha, hivyo chagua iliyoandikwa kwamba inavumilia volti kuanzia 170 hivi hadi 250 na ushee. Dukani, iwashe na uielekezee kamera ya simu: ikionyesha michirizi mizito inayotembea, ujue inapepesa, na macho yatachoka.

Zile taa za mirija iliyopinda zilizotangulia LED zina zebaki kidogo. Ukiivunja, fungua madirisha, toa watoto nje kwa robo saa, kisha kusanya vipande kwa karatasi ngumu na gundi ya utepe, si kwa ufagio, na uvifunge kwenye chupa yenye kizibo.

Globu za waya zilizobaki peleka stoo au darini, ambako taa huwashwa dakika chache tu. Kila LED unayofunga, iandike tarehe kwenye kitako kwa kalamu ya wino mzito, na risiti iweke ndani ya boksi lake, ili siku utakapoirudisha dukani usibishane kwa kukumbuka.