Kumsimamisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwenye fremu, nyumbani

Fremu ya kusimamia, yaani kifaa cha mbao chenye mikanda kinachomshika mtoto asimame, ina kazi moja: uzito wa mtoto ushuke kupitia nyonga na magoti mpaka kwenye visigino. Fremu nyingi za mtaani hazifanyi hivyo. Mtoto hufungwa kwapani akabaki ananing'inia, nyayo zikigusa ubao tu, na nyumbani wanadhani mazoezi yamefanyika.

Kabla ya yote. Mfiziotherapia (mtaalamu wa tiba ya viungo) amkague kwanza. Usimsimamishe mwenye mfupa uliovunjika karibuni, anayelia ukimpanua mapaja, au ambaye magoti yake hayanyooki hata ukiyanyoosha taratibu. Mtoto asiyetembea apigwe eksirei ya nyonga, kwa sababu nyonga huweza kuteguka polepole bila maumivu yoyote.

Vipimo vya seremala. Mlaze chali, miguu imenyooka, upime kutoka chini ya kisigino:
- hadi kwapani, kisha utoe sentimita 5: kimo cha ubao wa kifua;
- hadi chini kidogo ya kifuniko cha goti: mto wa magoti;
- hadi katikati ya makalio: mkanda wa makalio, nyuma;
- hadi kiwiko: meza ya mbele.

Akisimama na viatu, ongeza unene wa soli. Plaiwudi ya milimita 18 inatosha. Kitako kiwe kipana, fremu isipinduke akijirusha. Ubao wa kifua uiname mbele nyuzi 10 hivi. Ukizidi hapo, kifua ndicho kinachobeba mzigo. Sponji iwe ngumu. Ya godoro kuukuu hulala baada ya wiki chache, na mtoto anabaki kwenye mbao tupu. Weka pia kizuizi chenye sponji katikati ya mapaja, miguu isipishane kama mkasi.

Kumfunga. Kwanza ilegeze misuli: shika kisigino kwa kiganja, sukuma unyayo juu polepole, tulia sekunde 30, rudia mara tatu kila mguu. Ukivuta kwa kushtua, misuli inakaza zaidi. Mvalishe viatu au vishikizo vyake vya miguu.

Mnyanyueni watu wawili, kisha fungeni kuanzia chini: visigino, magoti, makalio, kifua. Mto wa goti ukae chini ya kifuniko, kamwe usikae juu yake. Mkanda wa makalio ndio wa kukaza. Ukilegea, makalio yanarudi nyuma, magoti yanakunjika, na mwili wote unaangukia kifuani. Mkanda wa kifua upitishe vidole vinne.

Sasa chukua karatasi, ujaribu kuipenyeza chini ya kila kisigino. Ikipita, hajasimama. Legeza kifua, kaza makalio, ujaribu tena. Ikiendelea kupita, huenda kano ya kisigino ni fupi: jaza nafasi hiyo kwa kabari ya mbao, na mfiziotherapia ajulishwe.

Muda. Anza na dakika 5 hadi 10, ongeza kidogo kidogo. Lengo la kawaida ni dakika 45 hadi 60 kwa siku, siku 5 kwa wiki, na unaweza kuzigawa mara mbili. Asisimame akiwa ametoka kula. Akipauka, akitoka jasho jembamba au akilegea ghafla, mtoe na umlaze, miguu ikiwa juu.

Asisimame tu kama nguzo. Mwekee mezani bakuli la maharage, na kikombe upande wa kulia. Kila akinyoosha mkono kutia maharage, uzito unahamia mguu wa upande huo. Kisha hamishia kikombe kushoto. Upande anaoukwepa ndio unaohitaji zamu nyingi zaidi, ila usianzie huo.

Ukimtoa, kagua ngozi ya magoti, visigino na nyonga. Wekundu unaobaki baada ya dakika 20 unaonyesha mahali sponji ilipokwisha au mkanda unapobana. Vipimo virudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne. Mwambie seremala atoboe matundu ya akiba tangu mwanzo, mto wa goti upandishwe kwa kuhamisha bolti tu.