Kameo ya zamani: anza kuisoma mgongoni

Mpwa wangu alinipigia simu ya video Jumapili asubuhi, chai yangu haijachemka bado. Yuko kwenye soko la vitu vikuukuu nje kidogo ya Birmingham, mkononi ameshika bruchi, pambo la kufungwa nguoni kwa pini. "Shangazi, pauni 18. Ninunue?" Akanionyesha uso wa kameo. Nikamwambia igeuze. Akausogeza uso karibu zaidi. Igeuze, mwanangu! Muuzaji alishaanza kukunja meza ndipo nilipouona mgongo. Kwa kuwa si yeye peke yake anayeniuliza, nimeandika yote hapa.

Kameo ni picha iliyochongwa ikainuka juu ya usuli wa rangi nyingine, mara nyingi kichwa cha mwanamke anayetazama kando. Mchongaji huchagua gamba au jiwe lenye matabaka ya rangi tofauti, jeupe la juu likawa uso na la chini likabaki kuwa usuli. Ngome ya kazi hii tangu karne ya 19 ni Torre del Greco, mji ulio chini ya volkano ya Vesuvius, karibu na Napoli, Italia. Nasi wa pwani tumo. Gamba lenye usuli wa rangi ya chungwa, ambalo jina lake la kitaalamu ni Cypraecassis rufa, linatoka Bahari ya Hindi, na mengi yalipakiwa kutoka Afrika Mashariki, Msumbiji na Madagaska kwenda Italia. Lile la usuli wa kahawia iliyoiva ni Cassis madagascariensis, na jina hilo limepotosha wengi, kwa maana konokono huyo haishi Madagaska hata kidogo. Kwao ni upande wa Karibi.

Hatua ya 1: Vifaa

Lenzi ya sonara inayokuza mara 10, na tochi ya simu. Basi. Lenzi za bei rahisi zilizoandikwa mara 30 au 60 achana nazo, utaona giza na kidole chako mwenyewe.

Hatua ya 2: Jua imetengenezwa kwa nini

Weka tochi nyuma ya kameo. Gamba hupitisha mwanga, na utaona umbo la uso likijichora kama kivuli. Kisha pitisha kidole mgongoni: gamba huwa na mbonyeo kidogo, kwa sababu konokono hakujenga nyumba bapa. Igongeshe kwenye jino kwa upole. Gamba na jiwe ni baridi na hulia "ti", plastiki ni vuguvugu na hailii.

Halafu lenzi. Kazi ya mkono ina mikwaruzo midogo ya patasi, hasa kwenye nywele na pale uso unapokutana na usuli. Plastiki ya kumimina ina kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika, na mara nyingine vipovu vya hewa. Ukiona ufito wa gundi pande zote za kichwa, ujue uso umebandikwa tu juu ya kipande kingine.

Kameo ya akiki, yaani ya jiwe, ni nzito zaidi na baridi zaidi. Tahadhari na akiki ambayo uso wake mweupe wote ni wa rangi moja, hafifu, kama chumvi laini iliyomwagwa sawasawa. Hiyo imechongwa na mashine ya mawimbi ya sauti, kazi ya miaka ya karibuni. Si bandia, jiwe ni la kweli, ila isiuzwe kwa bei ya kameo za enzi ya Malkia Victoria.

Nyeusi zina kisa chao. Mume wa Victoria alipofariki mwaka 1861, vito vya msiba vilishika kasi Uingereza, na jeti ya Whitby, mabaki meusi ya mti wa kale yanayotoka mji huo wa pwani ya Uingereza, ikawa ndiyo yenyewe. Wasioimudu walivaa vulkanaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa. Isugue kwa kidole gumba hadi ipate joto, kisha inuse. Ikitoa harufu ya kiberiti ni vulkanaiti, na nyingi zimeshageuka hudhurungi kwa sababu ya mwanga.

Za kijivu au rangi ya udongo, zilizochongwa zikatokeza sana, huitwa lava. Wasafiri waliozuru Pompeii, mji wa kale uliofukiwa na Vesuvius, walizinunua kama kumbukumbu. Za pembe ya ndovu nakushauri uziache mezani. Sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika Juni 2022 imefunga karibu biashara yote ya pembe.

Kuna watu watakwambia uchome kwa sindano ya moto. Sitaki hata kuisikia. Ikiwa plastiki umeitoboa, ikiwa gamba umeliunguza, na muuzaji amesimama anakutazama.

Hatua ya 3: Umri

Hapa ndipo mgongo unaposema. Tazama pini. Kishikio cha kawaida chenye umbo la C, kisicho na kufuli, ndicho kilichotumika karne yote ya 19. Kikiwa na kifuniko kidogo kinachozunguka kuifunga pini, uko karne ya 20. Pini inayopita ukingo wa bruchi ni dalili nyingine ya ukongwe, na bawaba ya vijibomba vitatu vilivyopangwa mstari pia.

Lakini pini hubadilishwa. Mwanamke aliyewahi kudondosha bruchi yake aliipeleka kwa sonara afunge kishikio chenye kufuli, kwa hiyo unaweza kukuta uso wa 1860 wenye mgongo wa 1930. Tafuta madoa ya kuchomea mapya, au kovu la bawaba iliyong'olewa. Umri wa fremu ni wa fremu, uchongaji una wake.

Fremu ya dhahabu ya Uingereza ni rahisi kuliko zote. Karati 9, 12 na 15 zilihalalishwa mwaka 1854, na 12 na 15 zikafutwa 1932. Ukisoma 15 kwenye mhuri, umeshapata dirisha lako bila kumuuliza mtu. Nanga ni alama ya Birmingham, kichwa cha chui ni London, na herufi iliyo pembeni ndiyo mwaka. Namba 800 ni fedha ya Ulaya bara, na Italia waliitumia sana. Neno "Italy" peke yake mara nyingi ni la baada ya 1890, Marekani ilipopitisha sheria ya ushuru iliyotaka bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. Ikiwa fremu imechovywa dhahabu kwa umeme, usiseme ni ya kabla ya 1840, maana ndio mwaka kampuni ya Elkington ya hapa Birmingham ilipopata hataza ya kazi hiyo.

Uso nao unasaidia, ila nauweka mwisho kwa makusudi. Miungu ya Kigiriki na pua iliyonyooka kutoka kwenye paji huelekea kuwa kongwe. Bibi asiye na jina, pua ndogo iliyobenuka juu, huelekea kuwa wa baadaye. Nywele zilizokatwa usawa wa sikio ni miaka ya 1920. Tatizo ni kwamba wachongaji waliendelea kurudia mitindo ya zamani kwa sababu watalii waliipenda, na bado wanairudia.

Hatua ya 4: Kuisafisha

Soma yote kabla hujagusa maji.

Nimelelewa Unguja, na siniya za shaba za bibi tulizisugua kwa ndimu na majivu hadi ukajiona sura. Kwa hiyo kameo yangu ya kwanza niliifanyia vilevile. Ndimu ilipogusa tu, gamba likatoa povu dogo. Nilidhani ni uchafu unatoka. Lilikuwa gamba lenyewe linaliwa, kwa kuwa ni kalisi kaboneti, sawa na chokaa, na asidi huiyeyusha. Yule bibi hana ncha ya pua hadi leo. Kwa hiyo ndimu, siki na ukwaju hapana. Dawa ya meno hapana, ina mchanga laini unaokwaruza. Ile dawa ya maji ya kuchovyea fedha hapana, hata kama fremu ni fedha. Amonia hapana. Mashine ya kutetemesha maji, ambayo masonara wanaisifu, hapana kabisa, inafungua nyufa usizoziona.

Sasa nyufa. Rudisha tochi nyuma ya gamba. Utaona mistari, na wengi hushtuka. Mistari ya asili hufuata mkunjo wa gamba na ukucha haunasi. Ufa hukata moja kwa moja, na mara nyingi huanzia pale fremu inapobana. Ukipata ufa, ishia kwenye brashi kavu.

Kisha chunguza kama mgongo uko wazi. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima. Bruchi ilikuwa na mgongo uliofungwa kwa bamba la chuma, nikaichovya bakulini dakika mbili tu. Maji yakaingia chini ya ukingo yakakataa kutoka. Nikaiinamisha, nikaigongagonga, nikaifunga kwenye kitambaa, kila nikiigeuza tone jingine linatambaa. Nilipochoka nikachukua mashine ya kukaushia nywele. Joto likafanya kile ambacho miaka mia haikufanya: ufa kutoka kidevuni hadi ukingoni, nikausikia kwa masikio. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba chini ya bamba kulikuwa na karatasi ya kujazia nafasi, nayo ilikunywa maji yote.

Kwa hiyo usichovye kamwe, hata yenye mgongo wazi. Maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, tone moja la shampuu ya mtoto mchanga. Chukua mswaki laini wa mtoto, uchovye, ukung'ute hadi uwe unyevu tu. Shika bruchi uso ukiangalia chini, ili unyevu udondoke badala ya kujikusanya kwenye fremu. Piga miduara midogo. Futa kwa pamba iliyolowa maji matupu, kisha kwa kitambaa kikavu, na uilaze usiku kucha chumbani, mbali na jua na mbali na jiko. Fremu ikiwa na lulu ndogondogo, usiilowanishe hata kidogo, nyingi zimeshikwa na gundi tu. Lava na vulkanaiti ni brashi kavu. Kameo ya marijani itendee kama gamba.

Kutu ya kijani kwenye bawaba itoe ikiwa kavu, kwa kijiti cha meno, chini ya lenzi. Utakwenda taratibu hadi uchukie. Endelea na kijiti.

Mafuta: mimi ni wa kundi la wanaopaka, mara moja kwa mwaka. Tone moja la mafuta ya watoto yasiyo na manukato, yaenee kwa kidole juu ya gamba pekee, yakae saa chache, kisha futa hadi kitambaa kitoke kikavu. Wapo wanaopinga, wanasema mafuta hukamata vumbi, na wana haki usipofuta vizuri. Mpwa wangu aliuliza kuhusu mafuta ya nazi. Nayapenda kichwani na kwenye mchuzi, lakini mafuta ya kula huchacha na kuacha unjano kwenye mikunjo ya nywele za kuchonga.

Hatua ya 5: Kuihifadhi

Kila moja kwenye kifuko chake cha pamba, si cha plastiki, na isikae droo moja na akiki, itakwaruzwa. Siku ya kuivaa, jifukize udi na upake manukato kwanza, yakauke kabisa, ndipo uifunge bruchi.