Mahema ya kikosi cha skauti: kuchagua, kukagua na kuhifadhi

Mahema ya skauti huharibikia stoo kuliko kambini. Hema likirudishwa na unyevu, kuvu huweza kuanza ndani ya siku moja au mbili, na madoa yake meusi ni vigumu kuyatoa. Kwa hiyo usinunue hema ambalo vijana wa miaka 12 hawawezi kulisimamisha, kulianika na kulikunja wenyewe.

Hatua ya 1: Kuchagua

Idadi iliyoandikwa kwenye mfuko ni ya watu waliolala bega kwa bega, mizigo ikiwa nje. Toa mmoja: hema la wanne ni la vijana watatu na mabegi yao. Nunua yote ya aina moja, hata ukiona jingine la bei nafuu, maana fito za hema lililochanika zitaokoa jingine mwakani.

Soma lebo. Uwezo wa kuzuia maji huandikwa kwa milimita, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kuvuja: paa la nje lisipungue 2,000, sakafu 3,000 kwenda juu, kwa kuwa goti likiikandamiza kwenye ardhi mbichi, maji hupenya. Poliesta hustahimili jua kuliko nailoni, na hailegei sana ikilowa. Fito za alumini hupinda. Za faibaglasi hupasuka na kuacha vibanzi vinavyochoma vidole.

Hatua ya 2: Kabla ya safari ya kwanza

Simamisha kila hema, limwagie maji kwa mpira kwa dakika 15, kisha ingia na tochi upapase mishono. Panapovuja, pakaushe na upake dawa ya kuziba mishono. Hapa ndipo wengi hukosea: kitambaa chenye utando wa silikoni hushika dawa ya silikoni tu, na chenye poliyurethani kina dawa yake. Ukikosea aina, itabanduka.

Andika namba moja kwenye hema, mfuko na fito. Ndani ya mfuko shonea kipande cha kitambaa chenye hesabu, kwa mfano: "Hema 3: fito 3, vigingi 14, kamba 6." Bila hesabu hiyo, vigingi vitapungua kila kambi na hakuna atakayejua vilipopotelea.

Hatua ya 3: Kambini

Turubai la chini lipungue sentimita 5 kila upande wa sakafu. Likitokeza nje, hukinga maji yanayotiririka kutoka paani na kuyaingiza chini ya waliolala, kisha lawama zote huangukia hema.

Ufito usukumwe, usivutwe. Ukivutwa, vipande vyake huachana ndani ya mkono wa kitambaa. Wakati wa kuukunja, anzia katikati ili kamba ya mpira inayopita ndani yake ivutike sawa pande zote.

Jiko lisiingie hemani, hata mvua ikinyesha. Mbali na hatari ya moto, jiko hutoa monoksidi ya kaboni, gesi ambayo haina harufu na huua.

Hatua ya 4: Matengenezo

Zipu ikifunguka nyuma ya kichwa chake ilhali meno ni mazima, kichwa kimepanuka. Kibane kidogo kwa plaizi, upande mmoja kisha wa pili, ukijaribu kila mara, ukizidisha kitapasuka. Mchanga usuguliwe kwa mswaki mkavu.

Ufito uliovunjika, uvishe bomba fupi la chuma lenye urefu wa sentimita 15 hivi, palipovunjika pawe katikati, kisha funga ncha zote mbili kwa utepe imara.

Hatua ya 5: Kuhifadhi

Sponji, maji vuguvugu na sabuni isiyo kali vinatosha. Mashine ya kufulia hukwangua utando. Anika kivulini. Kabla ya kukunja, papasa pembe za sakafu na mishono, kwani ndiko unyevu hubaki mwisho. Vigingi vioshwe na viwe na mfuko wao, la sivyo vitatoboa kitambaa. Stoo ikiwa na nafasi, litundike hema bila kulibana.

Sakafu ikianza kunata na kutoa harufu ya uchachu, utando umeoza. Liondoe hema hilo kwenye orodha, ubakize fito, kamba, vigingi na vichwa vya zipu.