Hindi Kubwa la Chotara Si Mbegu

Kila masika yanapokaribia, wakulima wa Chanika na Kigamboni hunionyesha mahindi makubwa waliyoyaning'iniza juu ya jiko. "Bwana shamba, mbegu yangu hii." Nikiuliza msimu uliopita walipanda nini, jibu ni chotara ya dukani, yaani mbegu iliyopandanishwa kutoka koo tofauti. Hasara inaanzia hapo, na nimechoka kuiona.

Chotara huzaliwa na wazazi waliochavushwa kila mmea kwa chavua yake mwenyewe vizazi sita au zaidi, hadi kila ukoo ukawa wa namna moja. Ukiwaona shambani utawadharau: wafupi, na vihindi vyao vinaenea kiganjani. Watafiti huwapandanisha na kupima mavuno, wakisaka jozi inayopatana; nyingi hutupwa. Nguvu iko kwenye mpandano ule wa kwanza. Ukirudia kupanda punje za chotara ya wazazi wawili, takribani nusu ya ile nguvu ya ziada imekwenda.

"Lakini nilichagua hindi kubwa kuliko yote!" Haisaidii. Kila uzi wa ndevu hupokea chavua yake, kwa hiyo punje mbili zilizobanana kwenye gunzi moja ni ndugu wasiofanana. Na usiniambie ziliota zote. Zitaota. Ngoja zipite magoti: mmea huu unakufika kifuani, wa pili yake kiunoni, huu umetoa mbelewele, lile ua la kileleni, leo, ule hadi wiki ijayo. Mbolea ni ileile, palizi ileile.

Kama pesa ya pakiti haipatikani kila msimu, panda mbegu ya Staha au TMV-1. Hizi si chotara, mbegu yake inatunzika, ila kwa vipimo. Panda mita 200 kutoka mahindi mengine, chavua ya nje isiingie. Viwanja vyetu havina nafasi hiyo, basi pishana na jirani siku 30 za kupanda. Thelathini, si wiki moja na nusu! Funga kitambaa kwenye mimea mizuri ingali imesimama, ukiacha mita 5 za pembeni. Chukua mahindi yasiyopungua 100. Ukichukua kumi, unaurudisha ukoo kwenye udhaifu wa wale wazazi wafupi. Pukuchua punje za katikati tu, uzianike hadi unyevu wa asilimia 13. Zitikise na chumvi kavu ndani ya chupa kavu. Chumvi ikinata, zirudishe juani.

Anayetaka chotara anunue mpya yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, kilo 10 kwa ekari, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, punje moja kila shimo. Mbelewele zikitoka karibu pamoja, umepatia.

Yale ya juu ya jiko yapeleke mashineni ukasage unga.