Bima kubwa ya gari: soma tamko kabla hujajaza fomu

Fomu ya maombi ya bima kubwa, ile inayolipia hata hasara ya gari lako mwenyewe, huwa na kurasa chache tu, na wengi huijaza haraka haraka wakiwa wamesimama kaunta. Anzia mwisho. Nenda ukurasa wenye mstari wa sahihi usome tamko lililo juu yake. Kwa kawaida linasema kwamba majibu yako yote ni ya kweli na kamili, kwamba hujaficha jambo lolote la msingi (yaani linaloweza kubadilisha uamuzi wa kampuni kukukatia bima au bei yake), na kwamba fomu hii ndiyo msingi wa mkataba kati yako na kampuni. Siku ya ajali, maneno hayo ya "msingi wa mkataba" yanaweza kuamua kama utapewa fidia au barua ya kukataliwa.

Uzito wake ulionekana wazi Uingereza mwaka 1922. Kampuni moja ya Glasgow, Dawsons, ilikatia bima lori lake, na kwenye fomu, penye swali la mahali linapolazwa, ikaandikwa anwani ya ofisi yao mjini. Kumbe lori lilikuwa likilala gereji pembezoni mwa mji, na huko huko likaungua. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi, wala kosa lile halikuongeza hatari. Hata hivyo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua bima isilipwe, kwa kuwa majibu yalikuwa msingi wa mkataba na jibu moja halikuwa sahihi. Waingereza wenyewe waliondoa nguvu ya kifungu hicho kwa sheria za mwaka 2012 na 2015, lakini hapa Tanzania bado unaweza kukikuta kwenye fomu.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, nayo ina kifungu cha 18 ambacho kila mwenye gari angekijua. Kinahesabu kuwa ni maelezo potofu pale mtu anapotamka kwa uhakika jambo lisilo kweli, ambalo taarifa alizonazo hazitoshi kulithibitisha, hata kama yeye mwenyewe analiamini. Kifungu cha 19 kinampa aliyepotoshwa haki ya kuuvunja mkataba. Kwa hiyo moyo safi peke yake haukulindi. Jambo usilo na ushahidi nalo, liandikie "kwa kadiri ninavyofahamu", au "sijui" kama kweli hujui. Kampuni ikitaka jibu kamili itakuuliza, na hapo mtajua pa kulitafuta.

Nyaraka ni zile zile za siku zote: kadi ya gari, leseni, kitambulisho cha NIDA na namba ya TIN. Nenda pia na gari lenyewe, maana litakaguliwa na kupigwa picha. Sasa njoo kwenye maswali yanayoleta matatizo.

Mwaka wa gari. Magari mengi yetu yanatoka Japani yakiwa yametumika. Gari lililotengenezwa 2009 likasajiliwa hapa 2018 ni la 2009. Nakili mwaka wa kutengenezwa kutoka kwenye kadi, pamoja na namba ya chasisi herufi kwa herufi, kisha shuka uilinganishe na ile iliyogongwa kwenye bodi. Herufi O na tarakimu 0 huchanganywa sana.

Mmiliki. Ukinunua gari kwa mtu na kadi bado ina jina lake, usiandike kwamba kadi ni yako. Taja jina lililo kwenye kadi, eleza kwamba umenunua, ambatisha mkataba wa mauziano, halafu shughulikia uhamisho wa umiliki TRA mapema. Kama gari limewekwa dhamana ya mkopo benki, litaje hilo pia.

Matumizi. Hapa ndipo palipo hatari kubwa kuliko pote, maana hapa pia ndipo bei inapobadilika. Gari linaloandikwa "binafsi" hutozwa ada ndogo kuliko la biashara. Mwenye gari anachagua binafsi, kisha jioni anawasha programu ya teksi mtandaoni, au mwisho wa juma analikodisha kwa harusi. Gari likigongwa likiwa na abiria aliyelipa nauli, mpelelezi wa kampuni atamuuliza abiria huyo alifikaje garini, na rekodi ya safari ipo kwenye simu. Ikiwa unafanya hivyo hata mara moja kwa mwezi, sema. Waulize maneno haya haya: "Nikibeba abiria wa kulipa siku moja, hii bima inanilipa?" Jibu waandike, wasikwambie kwa mdomo.

Mabadiliko kwenye gari. Wengi Dar es Salaam wamefunga mfumo wa gesi na hawakumbuki kuutaja. Mtungi wa gesi iliyoshindiliwa unabadilisha hatari ya moto, kwa hiyo ni jambo la msingi kwa kila hali. Taja mfumo, tarehe ya kufungwa na karakana iliyofunga, uambatishe cheti chake. Bodi iliyoongezwa, viti vilivyobadilishwa na injini iliyowekwa nyingine navyo vitajwe.

Madereva. Swali linahusu kila atakayeendesha, usimwandike mwenye gari peke yake. Mdogo wako aliyepata leseni juzi na ndiye anayepeleka watoto shule aandikwe, na tarehe ya leseni yake iandikwe.

Ajali na madai yaliyopita. Andika hata ile uliyomalizana na mwenzako barabarani, kama swali linauliza ajali na si madai peke yake. Kama kampuni nyingine iliwahi kukukataa au kukuongezea ada, nalo litaje.

Thamani. Ukitaja shilingi 20,000,000 na ada ikiwa asilimia 3.5, utalipa 700,000, na VAT ya asilimia 18 inaongeza 126,000, jumla 826,000. Ndiyo maana watu hushusha thamani hadi 12,000,000. Lakini kama mkataba wako una kifungu cha uwiano, kinachopunguza malipo kwa kadiri ulivyoshusha thamani, hasara ya 5,000,000 kwenye gari la 20,000,000 lililokatiwa 12,000,000 italipwa 3,000,000 tu, kabla hata hujakatwa kiasi unachobeba mwenyewe. Kupandisha thamani hakukusaidii pia, kwani gari likiharibika kabisa kampuni huangalia bei ya soko siku ya hasara.

Usiache nafasi tupu, na usichore mstari. Mstari unaweza kusomwa kama "hapana".

Wakala atakwambia, "Saini hapa tu bosi, mengine nitajaza mwenyewe." Kataa kwa heshima. Mahakama za Uingereza ziliamua tangu 1929 kwamba wakala anayekujazia fomu anashika kalamu kwa niaba yako, na makosa aliyoandika ni yako ukishasaini. Akikujazia, msomee kila jibu kwa sauti kabla ya kusaini. Akikujazia kwenye mfumo wa simu au kompyuta, omba ukurasa wenye majibu yako, usiridhike na stika ya bima. Sahihisho lolote la kalamu liwe na sahihi fupi pembeni na tarehe.

Ukishalipa, hakiki stika kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), kwa namba ya usajili, uone ipo na aina ya bima ni ile uliyolipia. Kisha omba hati kamili ya bima, usome sehemu ya masharti: kifaa cha kufuatilia gari, mahali pa kulaza usiku, muda wa kutoa taarifa ya ajali. Hizo ni ahadi ulizokwisha kuzitoa. Kama gari halilali kwenye uzio kama ilivyoandikwa, omba sharti hilo lirekebishwe leo.

Mwaka ukiwa katikati, ukihama, ukifunga gesi au ukianza kubeba abiria, andika barua au baruapepe kwa kampuni na utunze jibu lao. Wakati wa kuhuisha bima usijibu "kama mwaka jana" kabla hujaisoma fomu ya mwaka jana, kwa hiyo nakala yake iwe nyumbani kwako, isiachwe garini. Na kampuni ikikataa madai kwa kisingizio cha jibu lisilo sahihi, itake itaje kwa maandishi ni swali namba ngapi na kifungu kipi cha mkataba. Barua hiyo pamoja na nakala ya fomu ndizo utakazopeleka TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.