Kabla Shirika Lako la Ndege Halijahama Muungano: Mambo ya Kuzingatia

Tarehe 31 Agosti 2024 ilikuwa siku ya mwisho ya SAS, shirika la ndege la Denmark, Norway na Sweden, ndani ya Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege yanayotambuliana pointi na kadi za wasafiri, ambao shirika hilo lilikuwa miongoni mwa matano yaliyouasisi mwaka 1997. Kesho yake lilikuwa mwanachama wa SkyTeam, muungano pinzani. Kwa msafiri anayepanda ndege mara moja katika miaka mitatu, habari hiyo haikuwa na uzito. Lakini kwa Mrundi wa Stockholm anayekwenda Bujumbura kila Desemba, au Mtanzania wa Oslo anayeshuka Kilimanjaro mara mbili kwa mwaka, hesabu yote ya safari ilibidi ipigwe upya.

Mabadiliko ya namna hii huwa hayaji ghafla, na dalili yake kubwa huonekana kwenye umiliki. SAS iliomba kinga ya mahakama ya Marekani dhidi ya wadai wake Julai 2022, na Oktoba 2023 ikatangazwa kwamba kundi la Air France-KLM, ambalo ni nguzo ya SkyTeam, lingechukua hadi asilimia 19.9 ya hisa. Aliyesoma tangazo hilo alikuwa na miezi zaidi ya kumi ya kujiandaa. Vivyo hivyo, Delta ya Marekani, iliyo SkyTeam, iliponunua asilimia 20 ya LATAM mwaka 2019, shirika hilo la Amerika Kusini liliaga Oneworld, muungano wa tatu, ilipofika Mei 2020, na Lufthansa ya Ujerumani, iliyo Star Alliance, ilipochukua asilimia 41 ya ITA Airways ya Italia Januari 2025, ITA nayo ikatoka SkyTeam mwaka huohuo. Kwa hiyo ukisikia shirika unalolitumia limepata mwenye hisa mpya, angalia kwanza huyo mwenye hisa yuko muungano gani, kisha uanze maandalizi bila kusubiri barua pepe ya kukuaga.

Maandalizi yenyewe yaanze na njia zako, na pointi unazokusanya kwa kuruka zifuate baadaye. Chukua karatasi uandike safari zote za miaka miwili iliyopita kipande kwa kipande, na mbele ya kila kipande uandike shirika lililorusha ndege yenyewe, kwa sababu namba ya safari inaweza kuwa ya shirika moja na ndege ikawa ya jingine. Mtanzania wetu wa Oslo huenda akaandika: Oslo hadi Addis Ababa kwa Ethiopian, Addis Ababa hadi Kilimanjaro kwa Ethiopian, na kurudi vivyo hivyo, pointi zote zikiingia kwenye mpango wa EuroBonus wa SAS. Baada ya kuhama, Ethiopian imebaki Star Alliance na bado inaruka kutoka Oslo kama kawaida. Kinachokatika ni uhusiano wake na kadi iliyo mfukoni mwa msafiri. Upande wa SkyTeam anapata KLM, inayotua Kilimanjaro moja kwa moja kutoka Amsterdam. Huyu hakupoteza kitu cha maana, na pengine amefaidika.

Mrundi wa Stockholm hakubahatika hivyo. Wanaofika Bujumbura kutoka upande wa Star Alliance ni Ethiopian kupitia Addis Ababa na Brussels Airlines kutoka Brussels, yaani ndege mbili kwa safari nzima. Upande wa SkyTeam, anayefika huko ni Kenya Airways kupitia Nairobi, na kwa kuwa Kenya Airways haina ndege kutoka Stockholm, safari inakuwa ya ndege tatu: hadi Amsterdam au Paris, kisha Nairobi, kisha Bujumbura. Anayekwenda Mombasa naye alizoea kushuka hukohuko kwa Ethiopian au Turkish. Akifuata pointi zake ndani ya SkyTeam atashuka Nairobi na kupanda ndege nyingine. Ndiyo maana nasisitiza karatasi. Ramani ya muungano mpya hupambwa kwa mamia ya miji, ilhali wewe unahitaji mitatu au minne tu, na hakuna atakayekuhesabia hiyo isipokuwa wewe mwenyewe.

Ukishajua njia zako, geukia tiketi ulizokwisha kununua kwa tarehe zinazoangukia baada ya siku ya kuhama. Hapa watu wengi huchanganya ulinzi wa muungano na ulinzi wa tiketi. Anayelazimika kukupeleka hadi mwisho wa safari ndege ya kwanza ikichelewa ni shirika linalokubeba chini ya tiketi moja, hata kama mashirika yaliyomo ndani ya tiketi hiyo ni ya miungano tofauti. Na ukinunua tiketi mbili zilizoachana, hata ziwe za ndugu wa muungano mmoja, huna uhakika wa kuhudumiwa kama msafiri wa safari moja. Fungua basi risiti yako ya tiketi utafute namba yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika lililotoa tiketi: 117 ni SAS, 074 ni KLM, 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways. Namba hiyo ikiwa moja kwa vipande vyote, wasiwasi unapungua. Zikiwa mbili, acha saa za kutosha katikati, na siku ya safari usiondoke kaunta kabla ya kusoma lebo iliyofungwa kwenye begi lako. Herufi tatu kubwa zikisomeka BJM, mzigo unakwenda Bujumbura. Zikisomeka NBO, mzigo utaishia Nairobi, na itakubidi upite uhamiaji, uusubiri kwenye mkanda, kisha upange foleni upya kwenye kaunta nyingine, jambo ambalo si la kufanywa kwa dakika hamsini.

Pointi ni suala linalowatia watu kiherehere kuliko yote. Kwa kawaida hazipotei shirika linapohama, maana ni mali ya mpango wa shirika lenyewe, na EuroBonus iliendelea kuwa EuroBonus. Kinachobadilika ni duka la kuzitumia. Kama ulikuwa unaziweka kwa ajili ya kiti cha shirika ambalo sasa linabaki upande wa pili, kikate kabla ya siku ya mwisho, lakini kwa tarehe ambazo una hakika nazo. Tiketi ya namna hiyo mara nyingi huheshimiwa baada ya kuhama, ila kuisogeza tarehe huwa vigumu kwa kuwa mlango wa kukata nyingine umeshafungwa. Kama huna safari ya uhakika, kaa nazo. Kuzibadilisha kwa haraka kuwa birika la umeme au vocha ya dukani ni hasara ambayo nimeona watu wakijitia kwa hofu tu. Upo pia wazimu wa upande wa pili: mwishoni mwa 2024 SAS iliahidi pointi milioni moja kwa atakayeruka na mashirika 15 ya SkyTeam kati ya Oktoba na Desemba, na wapo waliozunguka dunia kuzitafuta. Siwashangai, ila siwashauri wenye watoto wa kulipia ada.

Wenye hadhi ya juu, yaani kadi wanazopewa wanaoruka mara nyingi, wana jambo jingine la kupima. Kadi ya Dhahabu ya SAS ilitambuliwa ndani ya SkyTeam kama Elite Plus, daraja la juu la muungano huo, kwa hiyo ukumbi wa kupumzikia na begi la ziada vilibaki, ila kwenye ndege za mashirika mengine. Begi la ziada hilo si jambo dogo. Waulize wafanyabiashara wa Nairobi wanaofuata mzigo Guangzhou: China Southern ilikuwa na ndege ya moja kwa moja kati ya miji hiyo tangu 2015, kisha ikajitoa SkyTeam kuanzia Januari 2019 bila kuingia muungano mwingine, na aliyekuwa ametegemea kadi yake ya muungano kumpa kilo za nyongeza ilimbidi arudi kusoma masharti ya nauli mstari kwa mstari. Ikiwa njia zako zimebaki upande wa zamani, uliza kama kuna shirika la huko litakalokulinganishia hadhi kwa kuonyesha kadi yako ya sasa. Omba mapema, kadi ikiwa bado hai, na uombe kwenye mpango utakaoutumia kweli, kwa kuwa mingi hairuhusu ombi la namna hiyo kurudiwa ovyo.

Usidhani pia kwamba kutoka kwenye muungano ni kukata kila uzi. LATAM ilipoondoka Oneworld ilibaki na mikataba ya pande mbili na baadhi ya wanachama wake, huku ule wa American Airlines ukivunjika mapema zaidi. Mikataba hiyo haitangazwi kwa mbwembwe. Hukaa kwenye ukurasa wa washirika wa mpango wa pointi, na kila mshirika ana masharti yake kuhusu daraja la nauli linalozaa pointi na lisilozaa. Soma ukurasa huo wiki ya kabla ya kuhama na usome tena wiki ya baada.

Mwisho, kinachoamua pointi ziingie wapi kwa kawaida ni siku uliyoruka, siyo siku uliyolipa. Safari ya wiki ya mwisho ndiyo rahisi kupotelea katikati ya mifumo miwili. Hifadhi kadi ya kupandia ndege na risiti ya tiketi, kwa karatasi au kwa picha kwenye simu, mpaka uone kipande cha mwisho kimeandikwa kwenye akaunti yako. Na kisipoonekana ndani ya wiki kadhaa, peleka madai kabla muda uliowekwa kwa madai ya nyuma haujaisha.